Figa la Mama na Kabureta ya Makutano

Niliwasha gari asubuhi ile bila kujua ningeelekeza wapi pua yake. Ndivyo nimeishi tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la saba: nikichoka na mahali naondoka, nikifika pengine nauliza kila kitu mpaka watu wachoke nami. Gari lenyewe ni vani kuukuu. Nyuma kuna godoro, sanduku la spana, jiko dogo la mafuta ya taa na dirisha moja lililozibwa kwa kipande cha bati. Lilikuwa limekaa wiki kadhaa katika boma la kaka yangu kule Kianjai, kando ya migomba, na kuku walikuwa wameanza kutaga chini yake.

Injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikashika. Nilipofika langoni nilimkuta Mama ameketi juu ya debe lililopinduliwa, ana kikapu mapajani na kitu kimefungwa kwa leso miguuni pake.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Sijui, Mama."

"Vizuri. Basi nipeleke kwa dada yangu."

Dada yake, mama yangu mdogo, anaishi Mbeere, huko chini kupita Embu, ambako Mama alizaliwa kabla ya kuolewa Meru. Mimi niliyejidai kuzunguka kote sikuwahi kufika huko. Tangu Baba afariki, Mama alikuwa akimtaja dada yake kila mara baridi ilipomshika nyonga. Huko ni joto, alisema. Nyonga ile ilikuwa imemharibikia kiasi kwamba hakuweza kukaa wima kwa muda mrefu, na ndiyo sababu matatu hakuweza kupanda. Godoro langu lilimfaa.

Lakini si nyonga iliyomkalisha langoni alfajiri. Kaka yangu ni mtu mzuri, na hili nalisema mapema ili asieleweke vibaya. Alikuwa amemjengea Mama chumba cha mawe nyuma ya nyumba yake, sakafu ya saruji, taa ya umeme, kitanda kipya. Kabla ya kujenga alikuwa amebomoa jiko lake la zamani, kile kibanda cha udongo alichopikia tangu aolewe. Kaka alisema moshi unamuua. Huenda ni kweli. Ila tangu siku ile Mama alikuwa akiletewa chakula kwa sahani iliyofunikwa, kama mgonjwa wa wodini, na akawa anakula nusu.

Kaka alitoka na mswaki mdomoni. Alitazama kikapu, akatazama gari.

"Mama, unaenda na hiyo?"

"Naenda kwa dada yangu."

"Kutembea ama kukaa?"

Mama akakaza fundo la leso. Kaka akatema povu kando ya njia. "Hiyo haifiki hata Nkubu. Mtarudi mmefungwa kamba. Na ikirudi kwa kamba naiweka juu ya mawe, inakuwa nyumba ya kuku. Na wewe, Mama, unarudi kwa chumba chako na hatuongei tena haya maneno. Sawa?"

Nilitarajia amkemee. Mama anajua kukemea.

"Sawa," akasema. "Tukirudi na kamba, sitaomba tena."

Maneno yale yalinikaa kifuani. Yeye aliona gari lenye magurudumu manne. Mimi nilijua kilichokuwa chini ya boneti.

Niliinua ule mzigo wa leso, ukanivuta mikono chini.

"Hii ni nini?"

"Figa."

"Jiwe la jiko?"

"Yalikuwa matatu. Mawili wameyatia kwa msingi wa chumba changu. Hili nililikalia."

Nikaliweka kando ya godoro, nikamsaidia kulala, tukaondoka.

Kabureta ni kitu kidogo, unaweza kukishika kwa mikono miwili kama sufuria ya chai, lakini ndiko hewa na petroli vinakochanganyika kabla ya kuingia ndani ya injini kuungua. Petroli ikipungua injini inashikwa na njaa, ikizidi inazama. Yangu ilikuwa imechakaa mahali pabaya, pale chuma chembamba kinapozunguka kila ukikanyaga mafuta. Tundu lilikuwa limepanuka, hewa inaingia kwa mlango wa wizi, na kila nilipopunguza mwendo injini ilizima. Kutoka Kianjai hadi Meru ilizima kwenye kila tuta. Kila mara Mama aliuliza kutoka nyuma, "Tumefika?" na kila mara nilijibu, "Bado," nikizungusha ufunguo tena.

Tulipofika Makutano niliegesha karibu na duka la spea. Walikuwa na kabureta mpya ndani ya boksi, imefungwa kwa karatasi ya mafuta, inang'aa kama kijiko cha harusi. Niliigeuzageuza. Ilikuwa nyepesi mno. Choki yake ilikuwa ya umeme na gari langu lina choki ya waya. Mkono wa kuvutia mafuta ulikuwa upande usiofaa. Mwenye duka aliniambia fundi yeyote angeweza kuikunja ikae. Sipendi kitu kinachohitaji kukunjwa kabla hata hakijafanya kazi. Niliirudisha kwenye boksi, nikaanza kuulizia mahali wanapopasua magari.

Nilielekezwa kwenye uwanja wa nyuma, ambako mwanamume mmoja aliyevaa kofia ya sufu alikuwa amening'iniza kabureta kwenye waya, moja baada ya nyingine, kama nyama buchani. Nilisogeza gari hadi pale. Alinyooshea kidole mojawapo kabla sijamaliza kueleza.

"Karibu, hii hapa. Ndugu ya yako kabisa."

Niliipima na yangu. Nne kwa nne, matundu ya bolti yalilingana. Choki ya waya. Mkono upande unaofaa. Ilikuwa nzito, na kile chuma chembamba hakikucheza hata kidogo nilipokitikisa kwa kidole. Nilifurahi, nami sifurahii vitu kirahisi. Kilichobaki ni kufungua kifuniko na kutazama ndani: kuona kama boya linaelea vizuri, na kukagua jeti, zile skrubu ndogo za shaba zenye tundu katikati ambazo petroli hupitia. Hapo ndipo ukweli wa kabureta ulipo. Nilichukua bisibisi.

Mama alikuwa amefungua mlango wa pembeni apate hewa.

"Kijana," akamwita yule mwenye kofia, "unaongea kama mtu wa hapa, lakini hiyo 'karibu' yako umefunzwa na mwanamke wa kwetu. Mke wako ametoka wapi?"

Mtu yule akacheka. "Mbeere, mama. Upande wa Siakago."

"Kwa nani?"

Akataja jina la mzee. Mama akainua kichwa kutoka kwenye mto. Mzee yule alikuwa mtoto wa ami yake Mama, yaani mke wa muuzaji alikuwa binti wa nyumba yao.

"Basi wewe ni muthoni wetu," Mama akasema.

Muthoni ni mkwe, na kwa watu wetu neno hilo linabadilisha hewa. Yule bwana alivua kofia. Akarudi nyuma hatua, akageuza uso pembeni asimtazame Mama machoni, na tangu hapo kila alichotaka kumwambia alikipitisha kwangu, ingawa Mama alikuwa karibu kuliko mimi. "Mwambie mama pole na safari." "Mwambie kuna chai." Nilisimama kati yao nikiwa na bisibisi mkononi, nikaona macho ya Mama yakiitazama.

Nilielewa. Huwezi kupekua mzigo wa mkwe mbele ya mama mkwe. Ni kama kupewa chakula ukakoroga sahani kutafuta mchanga. Muuzaji naye aliitazama ile bisibisi, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, akaufunga.

Niliiweka bisibisi chini.

Bei hatukuipigania tena. Alinisaidia kuifunga, akaongeza gasketi bila kuombwa, akaandika nambari yake ya simu kwenye mkono wangu kwa kalamu. Kabureta ya zamani nilitaka kumwachia aiyeyushe.

"Ibebe," Mama akasema. "Hiyo mpya bado hatujajua tabia yake."

Mwanzoni tabia yake ilikuwa nzuri kupita kiasi. Gari lilitoka Makutano kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Tulipita Nkubu, na Mama akasema kwa sauti ili kaka yangu asikie huko alikokuwa, "Nkubu hiyoo!" Nilicheka. Lakini nilikuwa nikinusa petroli, na kwenye kioo niliona kitu kilichonikosesha raha. Moshi mweusi, mzito, ulikuwa ukitufuata. Mama alianza kukohoa. Aliyetolewa kwenye jiko lake kwa sababu ya moshi sasa alikuwa amelala ndani ya moshi wangu.

Sikusimama. Niliogopa kwamba nikizima halitawaka, na tukikwama hapo, Kianjai bado ilikuwa karibu kwa mtu mwenye kamba. Kwa hiyo niliendesha nikiomba, mimi nisiyejua kuomba, na barabara ikaanza kushuka kwenda bonde la Nithi.

Kila dereva wa upande huu anaujua mteremko ule uliomeza magari mengi, na anaunyamazia. Tulishuka polepole, tukavuka mto, tukaanza kupanda. Katikati ya mlima injini ilianza kugugumia. Nilirudisha gia. Ikagugumia zaidi. Nikakanyaga mafuta, na badala ya nguvu ukatoka moshi. Halafu kimya.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Breki za gari lile husaidiwa na mvuto wa injini. Injini ikifa, pedali inakuwa kama kisiki. Nilisimama juu yake kwa miguu yote miwili, mgongo umeshikilia kiti, nikavuta breki ya mkono, ambayo haijawahi kushika hata kwenye tambarare. Gari likasita, likateleza kidogo, likasita. Nikiondoa mguu tu, tungekwenda. Nyuma yetu kulikuwa na kona, na chini ya kona, mto.

"Mama! Jiwe!"

"Jiwe gani?"

"Hilo lako! Liweke nyuma ya gurudumu!"

"Hili ni figa."

"Mama!"

Nilisikia mlango wa pembeni ukivutwa. Nilisikia pumzi yake aliposhusha mguu ule mbaya, na sauti aliyoitoa ulipogusa lami sijaisahau. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona akiinama, mwanamke aliyekuwa akipelekewa chakula kitandani, amekumbatia jiwe tumboni kama mtoto. Miguu yangu ilikuwa inachoka juu ya pedali. Niliwaza kwamba ikiteleza sasa, nitakuwa nimemuua mama yangu kwa sababu ya aibu ya bisibisi. Kisha nikasikia gurudumu likigusa kitu na gari likatulia.

"Limeshika," akasema. "Shuka ulitazame mwenyewe."

Nilishuka. Mama alikuwa ameketi kwenye nyasi za ukingo, amekunja uso kwa maumivu, ameshika nyonga. Bodaboda mmoja aliyekuwa akipanda alisimama, akatazama moshi uliobaki hewani.

"Buda, hapo ndani mnachoma mbuzi?"

"Karibu nyama," Mama akamjibu kutoka kwenye nyasi.

"Ah, mathe, kumbe uko poa!" Akashuka, akatafuta mawe mengine mawili ukingoni, akayapigilia nyuma ya magurudumu, akavunja matawi na kuyatandaza nyuma yetu barabarani ili magari yajue. Kisha akaondoka na abiria wake, gunia la kabichi.

Nilimpigia simu yule mkwe. Nilimweleza moshi, harufu, kugugumia.

"Hiyo kabureta ilitoka kwa pikapu ya miraa," akasema. "Ile inakimbia kutoka Laare. Wale wanachimba jeti kwa keekee, petroli iingie nyingi. Kwao ni sawa, hawapunguzi mwendo hata mara moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua utafungua uone. Ulikuwa na bisibisi mkononi! Halafu mama akasema muthoni. Ukaona aibu kufungua. Mimi nami ningeanzaje kutaja ubaya wa kitu changu mbele yake?" Akashusha sauti. "Hajaumia?"

"Hajui kama ameumia."

"Mwambie pole. Hapana, usimwambie. Sikiliza. Ile ya zamani unayo?"

Ninayo, nilisema. Ndipo akaniambia, na alipokuwa akiniambia nilikuwa tayari nimeshaelewa: mwili wa ile ya zamani umechakaa, lakini jeti zake hazijaguswa. Kabureta hizo ni ndugu. Zitoe jeti kwenye ya zamani uzitie kwenye hii.

Nilipokata simu, simu nyingine ikaingia. Alikuwa kaka. Nilimpa Mama. Sauti ya kaka ilikuwa kubwa, niliisikia yote.

"Mama, mko wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi? Nasikia magari yanapanda mlima. Mmekwama, sivyo? Mama, naazima lori nakuja. Sina hasira. Nakuja na kamba polepole tu, unarudi unalala."

Hakuwa anatania safari hii. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Mama aliitoa simu sikioni akanitazama. Uso wake ulikuwa umepauka. Chumba kile, pamoja na mabaya yake yote, kilikuwa na kitanda.

"Hilo gari litatoka hapa?" akaniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. "Sijui, Mama."

Akafikiri. Lori lilipita likinguruma, mavumbi yakamfunika, akayafuta machoni kwa ncha ya leso.

"Mwanangu," akaiambia simu, "weka kamba karibu na mlango. Nitakuita mwenyewe."

Nilizifungua kabureta zote mbili juu ya godoro. Niliinua jeti mbili kuelekea mwanga. Tundu la ile ya zamani lilikuwa dogo, duara safi. La ile nyingine lilikuwa pana, kingo zimekwaruzwa, kazi ya mtu mwenye haraka. Kwa kawaida kitu kama kile kingenifurahisha, ningekaa nacho nikiuliza ni nani aliyekichimba na kwa kipimo gani. Sikuwa na hamu. Nilihamisha jeti zote, nikasugua masizi kwenye plagi kwa msasa, nikarudisha kila kitu, na mara mbili skrubu ilinidondoka. Mama hakuniuliza kama tumefika.

Injini iliwaka ikapiga chafya, ikatulia. Nilitazama nyuma. Moshi ulikuwa mwembamba, kisha haukuwepo. Nilimrudisha Mama kwenye godoro, nikapanda, nikakanyaga mafuta, gari likaachana na mawe. Tulipofika mahali pa tambarare nilirudi kwa miguu kulichukua lile lake. Lilikuwa limemeguka kidogo pembeni, palipobanwa na gurudumu.

Milima iliendelea hadi Embu. Kila mlima niliupanda nikiwa nimekaza meno, na kila mlima ulipoisha sikufurahi, niliuogopa unaofuata. Kutoka Embu tuliiacha barabara kuu tukashuka kuelekea Siakago. Migomba ikaisha, chai ikawa kumbukumbu, ikaja miti ya miiba na udongo mwekundu wenye mawe, na hewa ikawa nzito na ya moto. Injini iliipenda hewa ile. Mama aliomba nifungue dirisha. Alianza kunielekeza: kulia kwenye kanisa, kushoto kwenye bomba la maji, ingawa kanisa lilikuwa limejengwa upya na bomba halikuwepo.

Jua lilikuwa linazama tulipoingia katika boma la mama mdogo. Alitoka na mwiko mkononi, mwanamke mfupi anayefanana na Mama kwa kila kitu isipokuwa sauti. Wakashikana. Hawakulia, walitukanana kwa Kimbeere, kila mmoja akimwambia mwenzake amezeeka. Kisha mama mdogo akanitazama.

"Na huyu ndiye yule asiyekaa mahali?"

"Ndiye huyo," Mama akasema. "Leo amekaa mahali pamoja. Kwenye mlima."

Nilishusha kikapu, kisha ule mzigo wa leso. Mama mdogo akaupokea, nusura umponyoke.

"Ni nini hii?" Akafungua. "Jiwe? Umeleta jiwe Mbeere? Dada, hapa mavuno yetu ni mawe!"

Alicheka sana. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika mlango wa jiko, anatazama ndani, ambako sufuria ilikuwa juu ya mafiga matatu, moto unawaka, hakuna nafasi ya la nne.

Mama mdogo aliacha kucheka. Alilitazama lile jiwe, weusi wa masizi upande mmoja na mmeguko mweupe upande mwingine. Nilimwona akielewa kwamba mtu haendi kutembea na figa, huhama nalo. Hakuuliza tutakaa siku ngapi. Nami nilisimama pale nikiwaza kaka yangu na kamba yake mlangoni, nikiwaza kama mtu anaweza kuokolewa na kuibwa kwa siku moja.

Mama mdogo aliipua sufuria, akavuta moja ya mawe yake kwa kijiti, akalisukuma kando ya ukuta. Akaweka lile la Mama mahali pake. Aliporudisha sufuria ikainama upande mmoja, mchuzi ukafika ukingoni. Figa la Kianjai lilikuwa refu kidogo.

"Leta panga," akaniambia. "Tuchimbe chini yake."